Tuchemshe Maziwa, na Tuchemshe kwa Usalama

Sufuria za stili zimeingia katika nyumba zetu. Ni zile ngumu zinazong'aa. Hazishiki kutu, kwa sababu chuma chake kimechanganywa na madini ya kromi. Maoni yangu ni kwamba sufuria hii isikae kabatini kusubiri wageni. Itumike kila siku kuchemsha maziwa.

Sisi ni wafugaji, na wengi wetu bado hunywa maziwa mabichi. Maziwa hayo yanaweza kuleta bruselosisi, ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Mtu akiupata, homa huja na kuondoka, hutoka jasho usiku, na viungo humuuma. Wengine hudhani ni malaria. Humeza dawa ya malaria, lakini hawaponi. Kugandisha maziwa mabichi katika kibuyu si kinga ya kutegemea. Kwanza yachemshe, yapoe, ndipo uyagandishe.

Wako wanaosema, "Maziwa ya kuchemsha yanaungua." Kosa ni la moto. Stili hupitisha joto polepole. Alumini huipita zaidi ya mara 10. Moto mkali ukipiga mahali pamoja, hapo maziwa huungua, na pembeni bado ni baridi.

Basi tufanye hivi:

1. Mafiga yawe imara. Sufuria ikae bila kuyumba.
2. Usiweke sufuria tupu motoni. Tia maziwa kwanza.
3. Punguza kuni. Koroga mpaka yachemke na kufura, kisha epua.
4. Mikono ya sufuria ikiwa ya stili, nayo hushika moto. Epua kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kibichi hupitisha joto upesi.
5. Usichemshe kitu katika chombo kilichofungwa kabisa. Mvuke ukikosa njia, chombo hupasuka.
6. Chupa ya chai ya stili isiwekwe motoni kamwe. Ina kuta mbili na inaweza kupasuka.

Mtoto anayetambaa hajui hatari. Akivuta sufuria, maziwa ya moto humwagikia kifuani. Akiungua, mwondoe nguo iliyolowa, ila iliyoganda kwenye ngozi iache. Mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, na sehemu nyingine za mwili uzifunike asipate baridi. Usipake mafuta, majivu, samli wala dawa ya meno. Funika kidonda kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati.

Ndugu wanaume, kazi hii si ya akina mama peke yao. Maziwa ni ya nyumba nzima, na mtoto ni wenu wote wawili. Jenga jiko lililoinuka kutoka chini, lizungushie uzio mdogo. Udongo upo, mawe yapo, na kazi ni ya siku chache. Anayeweza kujenga zizi la ng'ombe hashindwi kujenga jiko la kumlinda mwanawe.