Waya Upitao Dirishani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu nipate kujibu neno lililonenwa katika mkutano wetu uliopita, wala hapakutokea mtu wa kulipinga. Ilisemwa ya kwamba mwenye banda uani hana haja ya kuingia gharama ili kupeleka umeme huko. Yatosha anunue ekstensheni, aichomeke sebuleni, aipitishe dirishani, aifunge juu ya mwembe, hata ifike bandani. Kwa heshima zote nasema neno hilo ni baya, na katika vinywa vya makarani ni aibu.

Maana sisi ni watu wa namna gani? Vocha ya shilingi elfu mbili ikija mezani bila sahihi, twairudisha. Barua isiyo na nambari ya faili twaikataa. Lakini waya wenye nguvu ya volti 230, uwezao kumwua mtu, twauacha ukatize ua wetu bila hati wala sahihi, wala hapana aulizaye ni nani aliyeupima.

Na tuyataje madhara yake. La kwanza ni joto. Chukua ekstensheni nyembamba, ambayo shaba yake ina unene wa milimita 0.75 za mraba, ikienda mwendo wa mita 30. Mtu akichomeka birika la wati 2,000 bandani, wati zaidi ya 100 hazifiki huko kamwe. Hugeuka joto ndani ya waya wenyewe. Waya ukiwa umenyoshwa, joto hilo hupata njia ya kutoka. Lakini ziada yake ikiwa imeviringishwa nyuma ya kabati, joto hujikusanya, plastiki huyeyuka, na moto huanzia hapo.

La pili ni jua na mvua. Waya wa kutumiwa ndani haukufanywa kwa ajili ya kukaa nje. Plastiki yake hukauka na kupasuka, na maji huingia katika viungo vilivyofungwa kwa utepe. Waya huo ukilala juu ya bati na kusuguliwa na upepo kila siku, hatimaye shaba hugusa bati. Hapo banda zima la mabati huwa na umeme, pamoja na mlango wake, na hata waya wa kuanikia nguo uliofungwa pembeni mwake. Mtoto atokaye kuoga, miguu imelowa, hajui habari hizo.

Wako wasemao, "Swichi ya ubaoni itajikata yenyewe." Hasha! Swichi ya ampea 20 yaulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Sehemu 30 za elfu za ampea moja, zikipita mwilini, zaweza kuuvuruga moyo. Na ampea 20 hupita kiasi hicho mara 600 na zaidi. Mtu aweza kufa na swichi isitikisike.

Basi inayopasa ni njia gani? Banda lipewe njia yake lenyewe kutoka ubao mkuu wa nyumba, yenye swichi yake ya kujikata, pamoja na kile chombo kikatacho umeme upesi unapovuja kwa kiasi cha miliampea 30. Waya uwe kebo yenye deraya ya chuma, uzikwe kwenda chini kama futi 2, na juu yake uwekwe utepe wa onyo, ili mwenye jembe aonywe kabla ya kuufikia. Unene wa shaba uchaguliwe kwa kuhesabu urefu wa njia na mzigo wa vyombo. Bandani pawe na swichi ya kuzima umeme wote wa hapo, na mambo ya ethi yaamuliwe na fundi baada ya kupima udongo. Fundi huyo awe na leseni, ambayo hapa Tanzania hutolewa na EWURA. Naye akimaliza apime kwa vyombo, aandike aliyoyaona, atie sahihi. Sisi tunaoishi kwa sahihi tusione hilo kuwa jambo kubwa.

Twaambiwa ya kuwa ni ghali. Sikatai, mshahara wetu naujua. Lakini rahisi inavunja upishi. Tena natuulizane: ni nani alaye faida ya urahisi huo, na ni nani aikaliaye hatari? Faida ni ya bwana aketiye sebuleni. Bandani yuko mke ashonaye kwa cherehani, na kijana asomaye usiku, na mtumishi alalaye humo. Umeme wa kwanza wa Dar es Salaam uliwekwa na Wajerumani mwaka 1908, ukahudumia karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wao. Jambo hilo twalilaumu hata leo. Je, yatufaa kulifanya tena katika ua wetu, umeme wa salama uwe wa nyumba ya mbele, na mauti yapelekwe nyuma?

Aliye mpangaji na amwandikie mwenye nyumba. Kuandika barua ndiyo kazi yetu. Na kwa chama natoa shauri hili: mfuko wetu wa kusaidiana utoe mkopo kwa mwanachama atakaye kupeleka umeme uani kwa njia ya haki, alipe kidogo kidogo kila mwezi. Chama chetu ni chepesi sana kutoa rambirambi, na sifa hiyo ni njema. Nataka fedha zitoke mapema kuliko hapo, zingali zikiweza kununua waya.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama