Umeme uanze na gari la chanjo, si na jipi ya mkubwa

Mtu wa Kakontwe akisema "mutuka ya Leta", mara nyingi anafikiria jipi: vioo vyeusi, namba ya serikali, na vumbi linalobaki nyuma. Ni mara chache anafikiria gari linalopeleka chanjo kwenye kituo cha afya au linalobeba karatasi za Exetat. Lakini hayo ya pili ndiyo magari ya Leta yanayomfikia mwananchi. Maoni yangu ni haya: siku serikali yetu itakapoanza kununua magari ya umeme, ianze na yale ya kusambaza huduma. Tena mpango wenyewe uandikwe kwa lugha ambayo watu wa Kakontwe wanaisoma.

Jambo hili si la mbali nasi. Jina la Kakontwe limo katika vitabu vya jiolojia kwa sababu ya mawe yake ya chokaa. Shituru, katika mji huuhuu wa Likasi, kuna viwanda vya Gécamines vilivyosafisha shaba na kobalti tangu enzi za Union Minière. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na kobalti hiyo inaingia katika aina nyingi za betri za magari. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wake nje ya nchi, na Oktoba mwaka huohuo ikaweka kota. Kwa hiyo tumeonyesha kwamba tunaweza kuamua madini yatoke vipi. Hatujasema bado tunataka nini kiturudie.

Kwa nini magari ya kusambaza? Kwa sababu kazi yao inalingana na uwezo wa betri. Njia yao inajulikana, ni fupi, na jioni gari linarudi kwenye uwanja uleule, ambapo linaweza kujazwa umeme usiku kucha. Linasimama na kuondoka mara nyingi, na gari la umeme likipunguza mwendo hurudisha sehemu ya nguvu yake kwenye betri. Jipi ya mkubwa inakwenda Lubumbashi, kilomita 120 hivi, kisha inaingia vijijini ambako hakuna pa kujaza. Ukianza na hiyo, itakwama, na watu watasema umeme hautufai.

Tuangalie pia mafuta. Mazuti na esanse za Katanga hutoka baharini kwa malori, zinapita Zambia na kuingia Kasumbalesa, na kila mpaka unaongeza bei. Umeme wetu unatoka karibu: bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, linazalisha tangu 1930. Ethiopia, nchi nyingine inayotegemea umeme wa maji na kununua mafuta kwa fedha za kigeni, ilipiga marufuku mwaka 2024 kuingiza magari ya esanse na mazuti.

Msomaji ataniuliza: umeme upi, wakati SNEL inatukatia kila siku? Swali ni la haki. Katika nchi yetu, ni kama mtu mmoja tu kati ya watano aliye na umeme. Ikiwa gari la Leta litajazwa wakati mtaa mzima uko gizani na akina mama wanapika kwa makaa, basi tumebadilisha injini tu na dharau imebaki ileile. Kwa hiyo naweka sharti: kila uwanja wa magari hayo uwe na paneli zake za jua. Si ndoto, maana vituo vingi vya afya nchini vinahifadhi chanjo katika friji za jua. Tuanze na pikipiki na magari machache katika zone za afya za Likasi, Kikula na Panda, tupime gharama, ndipo tuongeze.

Mwingine atasema kwamba magari mengi ya bei nafuu siku hizi yana betri zisizo na kobalti. Ni kweli. Lakini hoja yangu si kujiuzia kobalti yetu wenyewe. Ninachotaka ni chanjo ifike hata siku esanse imepanda bei.

Sasa niguse upande wetu, sisi watu wa lugha. Posta ya Marekani ilipopanga kubadilisha magari yake ya kupelekea barua, mpango wa kwanza uliahidi kwamba sehemu ndogo tu, angalau asilimia 10, ingekuwa ya umeme. Mpango ulichapishwa, raia wakausoma, na Aprili 2022 majimbo 16 yakaenda mahakamani. Agosti bunge likatoa dola bilioni 3. Desemba 2022 posta ikatangaza magari 106,000 hadi 2028, na 66,000 kati yake ya umeme. Watu waliweza kubishana kwa sababu karatasi ilikuwa katika lugha yao.

Kwetu je? Kifungu cha 142 cha Katiba kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60. Mpango wa kununua magari si sheria, lakini roho ya kifungu hicho inauhusu pia.

Tena kuna hatari ya mwili. Nyaya za nguvu kubwa katika gari la umeme huwa za rangi ya machungwa, na mkondo wake unaweza kuua. Fundi wa Likasi anajifunza kazi kwa Kiswahili, akimsikiliza mkubwa wake gerejini. Gari litakuja na kitabu cha Kichina, Kiingereza au Kifaransa. Nani atamwambia asiguse waya huo kabla ya kuzima betri?

Wanafunzi wenzangu, walimu wetu, kazi hiyo ni yetu. Haihitaji ruhusa ya waziri. Tukae na mafundi, tukusanye maneno wanayoyatumia tayari, na tuandike kijitabu cha usalama kabla gari la kwanza halijafika.