Huruma Haisubiri Uchumi Ukue

Kuna imani iliyokita mizizi Nairobi, kuanzia ofisi za Hazina Kuu hadi kwenye viti vya matatu: uchumi ukue kwanza, utu utafuata. Mkono mtupu haulambwi, tunaambiwa. Kiongozi mwenye huruma abaki kanisani au msikitini; serikali inataka mtu mgumu, anayejua hesabu na asiyebabaishwa na kilio. Imani hii ni ya uongo, na watu wa Kibera na Kawangware wameigharamia kwa miaka mingi.

Tuanze na hizo hesabu zenyewe. Septemba 2014, Shirika la Kitaifa la Takwimu lilibadilisha mwaka wa msingi wa kukadiria pato la taifa, na kwa tangazo moja uchumi wa Kenya ukaongezeka kwa takriban robo. Tukapandishwa daraja, tukaitwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Laini Saba, huko Kibera, maji yaliendelea kununuliwa kwa mtungi wa lita 20 na haja kulipiwa kwenye choo cha foleni. Takwimu zilikuwa halali. Waliokosea ni wale waliozishika kama ushahidi kwamba wananchi wanaishi vyema. Simon Kuznets, mchumi aliyewaandalia Wamarekani makadirio ya pato la taifa, aliwaonya wabunge wao mwaka 1934 kwamba ustawi wa watu hausomeki kwenye kipimo hicho. Fundi alitoa onyo, wateja wakalizibia masikio.

Kipimo hicho kina upofu mwingine. Barabara ikijengwa, kinaongeza. Nyumba na shule zikibomolewa, hakitoi chochote. Jumatatu, 23 Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera alfajiri kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata. Watu wanaokadiriwa kuwa 30,000 walipoteza makazi, na shule zikabomolewa katikati ya mwaka. Haya yalitendeka ilhali Mamlaka ya Barabara za Mijini, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zilikuwa zimekubaliana kuhusu mpango wa kuwahamisha wakazi kwa utaratibu. Ahadi ni deni, na deni hilo lilizikwa chini ya vifusi. Lami ikaandikwa kuwa maendeleo. Madaftari ya watoto hayakuandikwa popote.

Watetezi wa ugumu husema hakuna njia nyingine. Ipo, na ilishatumika Kibera hiihii. Mwaka 2004 Shirika la Reli liliwapa waliojenga kando ya njia ya treni, Kibera na Mukuru, siku 30 wawe wamehama. Wakazi walikataa. Muungano wa Wanavijiji na shirika la Pamoja Trust walikaa kitako na wakuu wa reli, na ujumbe wa pande zote ukasafiri hadi Mumbai, India, kuona jinsi watu wa kando ya reli walivyohamishwa huko bila kutupwa. Baadaye wakazi wenyewe walishiriki kuhesabu nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda, mpangaji asisahaulike kwa sababu ya mwenye ploti. Eneo la kusafishwa lilipunguzwa. Kwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia, nyumba na vibanda vya biashara vilijengwa karibu na palepale, ndipo watu wakahama. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na haikukosa lawama. Lakini treni inapita, na watu wana mahali pa kulala. Huo ndio uongozi wenye huruma: kumhesabu mtu kabla ya kugusa ukuta wake.

Sasa twende Kawangware. Jioni, pale Gatina, mama mboga hukatakata sukuma wiki huku akiongea. Mteja akitaka ya shilingi 10 na anajulikana ana watoto watano, hutupiwa fungu la ziada. Asiye na kitu huandikwa kwenye daftari la deni, kwa sababu mama anajua kwamba mteja huyo alitembea hadi Lavington asubuhi kutafuta nguo za kufua, akarudi bila kibarua. Wachumi wetu wangeuita huo udhaifu wa biashara. Mimi nauita bima ya kijiji kizima: bila lile daftari, watoto wangelala njaa na kibanda kingepoteza wateja wake.

Mwaka 2013, wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh, Mombasa, waliufanya utaratibu wa namna hii kuwa rasmi kwa Bangla-Pesa, vocha za kubadilishana bidhaa na huduma shilingi zinapoadimika. Jibu la kwanza la serikali lilikuwa kuwakamata watu na kuwafungulia mashtaka, ambayo yalifutwa mwaka huohuo. Wazo halikufa. Lilifika Nairobi kama Gatina-Pesa huko Kawangware na Lindi-Pesa huko Kibera. Maskini walijenga uchumi wa kusitiriana. Dola ikauona kwanza kama jinai.

Utaniuliza: bila ukuaji, pesa za shule na hospitali zitatoka wapi? Swali ni la haki. Uchumi na ukue. Ninachokataa ni utu kupangwa mwisho wa foleni. Anayeugua kwa maji machafu hawezi kufika kazini, na mtoto aliyebomolewa shule hatakuwa fundi wa kesho. Anayedhani huruma ni gharama hajawahi kupiga hesabu ya ukatili. Wala simaanishi pakiti ya unga inayogawiwa wakati wa kampeni. Hiyo ni bei ya kura.

Nchi nyingine zimethubutu: mwaka 2019 New Zealand ilisoma bajeti iliyojengwa juu ya ustawi wa watu. Sisi tulitangulia kwa sheria. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inataja afya, makazi, maji safi, chakula na elimu kuwa haki, na haijasema zisubiri asilimia fulani ya ukuaji. Basi kila bajeti ya kaunti isomwe pamoja na bei ya mtungi wa maji katika kila wadi. Kusiwe na mradi utakaoingiza tingatinga kabla ya makazi mapya kuwa tayari. Na vyama vya kusaidiana na vocha za mitaani vilindwe kama biashara nyingine yoyote.

Mwaka 2027 wagombea watakuja tena Makina, Kibera, na Gatina, mikononi wakiwa na asilimia zao. Tuwaulize mawili tu: ukichaguliwa, mtungi wa maji utakuwa shilingi ngapi, na ni nani aliyehesabiwa kwenye ramani ya barabara yako? Asiye na jibu, asipewe kura.