Kukopa muziki si kuacha mila

Methali isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa imegeuzwa kiboko mikononi mwa baadhi ya walimu wetu. Kijana akishika gitaa la umeme na kupiga muziki usiofanana na ule wa babu yake, huchapwa nayo, na mjadala ukaishia hapo. Nataka kupinga matumizi hayo ya methali. Ushahidi wangu nitautoa mbali kidogo, nchini Tunisia, katika albamu iliyotoka mwaka 2007 na ambayo sidhani wasomaji wengi wa safu hii wameisikia.

Albamu hiyo inaitwa Hope, nayo ni ya kwanza rasmi ya bendi iitwayo Myrath. Vijana hawa wa viunga vya jiji la Tunis walianza kupiga pamoja mwaka 2001 wakiongozwa na mpiga gitaa Malek Ben Arbia, ambaye wakati huo alikuwa angali mtoto wa shule. Muziki wao ni metali, yaani lile tawi la roki lenye magitaa makali na ngoma nzito. Hata hivyo, wao wamo katika mkondo wake uitwao wa kiprogresivu, ambao hupenda nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi na mapigo yasiyogawanyika kwa mbili wala kwa nne. Na juu ya vurumai hiyo yote huelea sauti tamu ya kuimbika. Anayedhani kuwa hizo ni kelele tupu na ajaribu kuyahesabu mapigo yake.

Mwalimu wa Kiswahili atalitambua jina la bendi hiyo mara moja. Myrath ni neno la Kiarabu lenye maana ya urithi, na ndilo hilo hilo tulilolipokea sisi tukaliita mirathi. Kutokana na mzizi huo tumepata kurithi, mrithi na urithi, kisha tukaanza kunyambua tutakavyo: kurithiwa, kurithisha, kurithishana. Kiarabu kilitupa mzizi. Viambishi ni vyetu. Ni nani leo atakayethubutu kumwambia mtu asemaye "walirithishana" kwamba anazungumza Kiarabu?

Tukirudi kwenye albamu yenyewe, tunakuta kwamba urithi huo umo katika jina zaidi kuliko katika nyimbo. Anwani ni ya Kiingereza na maneno yanaimbwa kwa Kiingereza. Mwimbaji ni Elyes Bouchoucha, ambaye ndiye pia mpiga kinanda. Aliyesimamia utayarishaji ni Mfaransa, Kévin Codfert wa bendi ya Adagio, na yeyote anayeijua bendi ya Marekani iitwayo Symphony X atasikia mara moja vijana hawa walisomea wapi. Athari za Kiarabu hujitokeza hapa na pale, kisha zikajificha tena. Sitaificha hukumu yangu: hii ni kazi ya mwanagenzi, ila ni mwanagenzi hodari mno.

Lakini hebu tuangalie jinsi athari hizo chache zilivyoingia. Muziki wa Kiarabu una sauti zilizo katikati ya sauti mbili za kinanda chetu cha kawaida, na gitaa lenye vituo vya chuma shingoni haliwezi kuzitoa bila hila. Mitindo kama Rast na Bayati inazitegemea sauti hizo, kwa hiyo inalipa gitaa taabu. Hijazi, kwa upande mwingine, inaweza kupigwa juu ya vituo hivyo hivyo na msikilizaji akaitambua. Si ajabu basi kwamba wapigaji wa metali wanaotafuta ladha ya Mashariki huikimbilia Hijazi. Mwanaisimu anaufahamu mchakato huu. Ulimi wa Mswahili ulipolipokea neno mirath, haukukubali kuliachia kwa konsonanti, ukalitilia irabu mwishoni. Sisi huita jambo hilo kutohoa. Gitaa nalo lilitohoa.

Isitoshe, tusisahau kwamba wapenzi wa muziki huu Afrika Kaskazini wamewahi kuulipia. Mnamo 1997 makumi ya vijana walikamatwa nchini Misri kwa tuhuma za kumwabudu shetani, na mwaka 2003 mahakama ya Casablanca nchini Morocco iliwatia hatiani vijana 14, ingawa wengi wao waliachiliwa baada ya rufani. Sisi Wakenya hatuna haki ya kuwacheka. Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani mwaka 1994, na nikiwa mwanafunzi miaka hiyo nakumbuka jinsi kanda yoyote yenye picha ya fuvu ilivyotosha kuzua minong'ono bwenini.

Shetani amepungua vinywani mwetu, methali ikashika zamu. Katika shule moja niliyoalikwa kuzungumza, mwanafunzi alinionyesha nyimbo alizotunga kwa ajili ya gitaa, na mwalimu wake akanieleza mbele yake kwamba huo ni utumwa wa mawazo. Alasiri hiyo hiyo kwaya ya shule ilituimbia wimbo wa Handel, tena kwa ustadi, na mwalimu huyo alipiga makofi kuliko sote. Sikuona ni kipimo gani kilichomfanya Handel awe mila na gitaa liwe utumwa, isipokuwa kwamba Handel alitangulia kufika.

Taarab nayo ililetwa. Katika kasri la Zanzibar iliimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo watu wengi wa kisiwa hicho hawakuifahamu, hadi walipotokea waimbaji waliotia Kiswahili ndani yake. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na leo hakuna anayemwita mtumwa wa Misri. Myrath nao hawakubaki pale walipoanzia. Walimpata mwimbaji Zaher Zorgati, ambaye sauti yake ndiyo inayosikika katika Desert Call ya mwaka 2010, na toni za nyumbani zikaongezeka albamu baada ya albamu. Ile ya 2016 waliiita Legacy, yaani jina lao wenyewe kwa Kiingereza. Ya 2019 wakaiita Shehili, neno la kwao la upepo wa joto utokao jangwani. Hatua hizo zisingekuwepo kama mtu angewanyang'anya magitaa kabla ya Hope.

Nakiri kwamba wenye wasiwasi wana hoja moja nzito, nayo ni lugha. Yule mwanafunzi alikuwa ametunga kwa Kiingereza kitupu. Nilimwuliza sababu, akajibu kwamba Kiswahili hakiingii katika mapigo yake. Jibu hilo si la kupuuzwa, maana wimbo wake ulikwenda kwa mapigo saba, na mshororo wa utenzi alioufundishwa darasani una mizani nane. Hilo ni swali ambalo mwalimu wa ushairi na mwalimu wa muziki wangeweza kulikabidhi darasa zima kwa wiki mbili: mizani ya nane itakwenda wapi?