Ushuru wa Kahawa Umejenga Nini?

Sheria yasema kwamba ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Lakini mkulima wa Kibosho ajua vema kwamba mnunuzi huutoa katika bei. Basi mlipaji hasa ni mwenye jembe. Mwaka 2017 Bunge liliushusha ushuru wa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3, nasi twalishukuru.

Mwaka uo huo iliundwa TARURA, na barabara za vijijini zikatoka mikononi mwa halmashauri. Tangu hapo mkulima akiuliza habari za njia iliyojaa tope wakati wa masika, huambiwa aende kwingine, ingawa fedha yake ilipokewa papa hapa. Hatulaumu mgawanyo huo wa kazi, twalaumu kimya.

Halmashauri za Moshi, Hai, Rombo na Siha zibandike hesabu penye chama cha ushirika, kahawa inapopimwa: kimepokewa kiasi gani, na kimejenga darasa lipi, zahanati ipi. Wazee wetu walichimba mifereji ya mlimani kwa mikono, na kila mmoja alijua zamu yake ya maji. Ndugu wanachama, mkutano wa kijiji ndio mahali pa kuuliza, na diwani aje na karatasi mkononi.