Glasi ya maji juu ya kapo si kipimo cha moteri

Muuza magari mmoja hapa Lubumbashi aliweka glasi ya maji juu ya kapo, akawasha moteri, akamwambia baba yangu mdogo: «Papa, angalia mwenyewe, maji hayatikisiki.» Kweli, hayakutikisika. Baba mdogo akalipa akiba yake ya miaka minne. Wiki sita baadaye, kwenye barabara ya Likasi, vilbrekeni ilikatika. Gari lile lilikuwa liwe teksi ya kulisha watoto watano. Leo limewekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba.

Mchezo huo una zaidi ya miaka mia moja, na ulianza kwa matajiri. Kule Uingereza, wauzaji wa Rolls-Royce walijulikana kwa kusimamisha sarafu juu ya radiateri huku moteri ikizunguka. Sarafu haikuanguka, na wateja walifungua mifuko.

Lakini sarafu haioni kila kitu. Vilbrekeni ni mti wa chuma unaopokea nguvu za pistoni. Katika moteri ya silinda sita za mstari mmoja mti huo ni mrefu, na kila pistoni inapousukuma unajipinda kidogo, kama nguo inayokamuliwa, kisha unarudi. Moteri ikifika mwendo fulani, misukumo inaendana na mpindo huo, nao unazidi mpaka chuma kinachoka. Gari linaweza kutulia kabisa huku mti unaumia ndani.

Magari ya kwanza ya silinda sita yalipata tabu hiyo, na hata Rolls-Royce walivunjikiwa na vilbrekeni kabla ya kutengeneza iliyo nene zaidi kwa ajili ya gari lao la 40/50. Mhandisi Frederick Lanchester naye alibuni kifaa cha kufungwa kwenye mti huo ili kumeza mtikisiko. Mjukuu wa kifaa hicho ni ile puli ya mbele yenye mpira, iliyo kwenye magari mengi tunayonunua leo.

Kipimo cha kweli kilifanyika mwaka 1907. Gari moja la 40/50, lililoitwa Silver Ghost, lilikwenda na kurudi kati ya London na Glasgow, likiwa na wasimamizi wa Royal Automobile Club, si wa kiwanda. Kwenye maili ya 629 robine ya mafuta ilijifunga yenyewe kwa kutikisika, na kosa hilo liliandikwa. Baada ya hapo gari lilikwenda maili 14,371, yaani kilometa zaidi ya 23,000, bila kusimama kwa ubovu. Mwishoni walilifungua na kupima vyuma vyake kimoja kimoja. Vipuri vya kulirudisha katika hali ya upya viligharimu pauni 2 na kidogo.

Sifa ya gari lile ilistahili kutoka hapo: njia ndefu, shahidi asiye muuzaji, na moteri iliyofunguliwa.

Mtu atasema sisi hatuna klabu ya namna hiyo. Kweli, lakini tuna mafundi. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Liendeshe gari barabarani, likiwa na mzigo, kwa mwendo mdogo na mkubwa. Mwaga oili mtazame kama ina vipande vya chuma. Kagueni puli ya mbele. Fundi aliyefungua moteri ya baba mdogo alituonyesha mpira wake: ulikuwa umeoza siku nyingi.

Na serikali ya mkoa iwalazimishe wauzaji kutoa dhamana ya maandishi, hata ya miezi mitatu tu. Muuzaji anayeamini moteri yake hataogopa karatasi. Akikataa karatasi na kukuletea glasi ya maji, kunywa hayo maji, umshukuru, uende zako.