Kifusi si Taka: Barabara za Lami na Wajibu wa Kiswahili

Mnamo Agosti 2018, matingatinga yalibomoa majengo kadhaa jijini Nairobi yaliyosemekana kujengwa kwenye kingo za mito, yakiwemo Ukay Centre mtaani Westlands na South End Mall kando ya barabara ya Lang'ata. Mjadala uliozuka ulihusu vibali, hasara na haki za wenye mali. Kifusi chenyewe kilionekana kuwa uchafu tu wa kuzolewa na kutupwa. Mtazamo huo ni kosa, na kosa hilo lina gharama.

Yafaa ieleweke kwamba takriban asilimia 95 ya uzito wa lami inayotandazwa barabarani ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe. Kinata cheusi kinachoviunganisha ni kama asilimia 5 tu. Zege lililobomolewa likisagwa na kuchekechwa hutoa kokoto, na kila tani ipatikanayo hivyo huokoa tani ya mawe machimboni. Ujapani ilitunga sheria mwaka 2000 ya kulazimisha zege na lami kuukuu vitenganishwe na kutumiwa upya. Umoja wa Ulaya nao, katika mwongozo wake wa 2008, ulilenga asilimia 70 ya taka za ujenzi zisizo hatari zitumiwe upya kufikia mwaka 2020. Wahenga walinena kuwa akiba haiozi.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Kokoto za zege kuukuu huwa zimegandwa na saruji yenye vinyweleo, hivyo hunyonya maji na kinata kingi kuliko mawe mapya. Mkandarasi atakayezitumia bila vipimo atapata barabara ya ghali, au itakayobambuka mvua zinyeshapo. Kwa hivyo, busara ni kuzichanganya kwa kiasi katika tabaka la juu, na kuzitumia zaidi katika matabaka ya msingi yasiyohitaji kinata. Aidha, mbao, jasi na asbestosi sharti ziondolewe kwanza. Lami iliyokwanguliwa kwenye barabara kuukuu ina faida ya ziada: huja na kinata chake, bidhaa ambayo Kenya huiagiza kutoka nje.

Je, mambo haya yanamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili? Jibu limo mikononi mwa kibarua. Ndiye anayetenganisha zege na jasi, na ndiye anayevuta vumbi lenye silika, ambalo hudhuru mapafu. Kibarua huyo huzungumza Kiswahili, ilhali masharti ya kazi na vipimo vya ubora huandikwa kwa Kiingereza. Kenya ilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria isiyomfikia mtenganishaji wa kifusi kwa lugha aijuayo itabaki kabatini.

Isitoshe, istilahi zenyewe zinahitaji kupigwa msasa. Neno "lami" hutumiwa kwa kinata na pia kwa mchanganyiko mzima wa kinata na kokoto. Msomaji akiambiwa "lami asilimia 5", hajui ni ipi. Huenda ikafaa "lami" ibaki kuwa jina la mchanganyiko, nacho kinata kiitwe "bitumeni". Lakini uamuzi wa namna hiyo haufai kufanywa maktabani pekee. Waashi, madereva wa matingatinga na wahandisi waulizwe kwanza wanasemaje kazini.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina uwezo wa kuanza na jambo dogo: kijitabu cha kurasa chache, kilichoandikwa pamoja na wanafunzi wa uhandisi, kinachomweleza kibarua kipi cha kutenga, kipi cha kusaga na namna ya kujikinga na vumbi. Kijitabu hicho kikisomwa mahali pa ubomoaji, Kiswahili kitakuwa kimefanya kazi ambayo makongamano mengi huishia kuitamani tu.